Nyenze wa Nchelenge Hawahitaji Sumu

Mvua za kwanza zikishaonja udongo wa ufuo wa Ziwa Mweru, kati ya Oktoba na Novemba, nyenze hujaa kwenye miembe ya Nchelenge na Kashikishi, nchini Zambia, na kelele zao husikika tangu jua linapopanda mpaka giza linapoingia. Haipiti wiki kabla mwenye bustani hajaona matundu ya kuingia kidole chini ya mti, maganda matupu ya rangi ya udongo yamekwama kwenye shina, na pengine ncha za vitawi zimenyauka na kuning'inia. Akijumlisha kelele na dalili hizo, anaona amevamiwa, na anakwenda sokoni kutafuta dawa ya kupulizia. Ningependa aahirishe safari hiyo. Kumpulizia nyenze sumu ni kazi bure karibu kila mahali duniani, lakini kwenye ufuo huu ni zaidi ya kazi bure. Inagusa chakula, ziwa na afya ya watoto.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Nyenze hana meno ya kutafuna. Mdomo wake ni mrija mwembamba anaouchoma kwenye mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini, na anachofyonza humo ni maji karibu matupu yenye chembe chache za lishe. Ndiyo maana hufyonza mengi na kuyatoa mengi, na anayesimama chini ya mti wenye nyenze wengi huweza kuhisi manyunyu mchana wa jua kali. Madume ndiyo yanayolia, kwa viwambo viwili vilivyo ubavuni mwa tumbo. Jike likishapandwa huchanja chale kwenye kitawi chenye unene wa penseli na kutia mayai ndani yake. Watoto wakianguliwa hudondoka, hujichimbia ardhini, na huishi huko miaka kadhaa wakifyonza mizizi. Udongo ukilainika kwa mvua hutoka usiku, hupanda shina na kujivua. Lichunguze ganda moja kabla hujalitupa: mgongo umepasuka mstari mmoja ulionyooka, kucha za mbele bado zimeshika gome, na tope la shimoni limekaukia kichwani. Aliyetoka humo amebakiwa na wiki chache tu za kuishi, na madhara pekee anayoweza kuyafanya bustanini kwa kipindi hicho ni zile chale. Mwembe uliokomaa hupoteza ncha kadhaa na kuchipua nyingine. Mche wa limau au mpera wa mwaka mmoja ndio unaoweza kuumia, kwa kuwa hauna matawi ya akiba.

Najua yupo atakayesema kwamba nyenze ni mdudu mharibifu anayetambulika kitaalamu. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Nchini Brazil, nyenze aina ya Quesada gigas hudhoofisha mibuni kwa kufyonza mizizi yake, na nchini Iran wako wanaosumbua mizabibu. Lakini tazama mahali yanapotokea hayo: mashamba makubwa ya zao moja la kudumu, mizizi ileile chini ya ardhi ileile kwa miaka mingi mfululizo. Mtoto wa nyenze anahitaji mzizi utakaokuwapo miaka yote ya utoto wake. Bustani ya nyumbani huko Nchelenge ina muhogo unaong'olewa, viazi vitamu, mchicha na nyanya visivyomaliza mwaka, kisha miembe na mipapai michache pembeni. Mdudu wa namna hiyo hawezi kuweka makazi kwenye shina la mchicha. Anayekula mboga zako ni mwingine, na mara nyingi halii kabisa: kiwavi, kidukari, inzi mweupe.

Ushauri mwingi kuhusu nyenze unaosambaa kwenye simu umetoka Marekani, ambako wapo wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 13 au 17. Mwaka 2024 makundi mawili makubwa, moja la kila aina, yalitoka pamoja kwa mara ya kwanza tangu 1803. Hawa wetu hawana hesabu hiyo. Huonekana kila mwaka. Lakini jambo moja la huko linatufaa. Hata mahali ambapo nyenze zaidi ya milioni moja wanaweza kutoka kwenye eka moja, wataalamu wa kilimo huwaambia wenye bustani wasipulizie, bali waifunike miche michanga kwa wavu wenye tundu lisilozidi sentimita 1. Sababu ni nyepesi. Nyenze huruka kutoka mti hadi mti, kwa hiyo utakaowaua leo nafasi yao itachukuliwa kesho na wa jirani. Isitoshe, sumu iliyobaki juu ya jani haimpati kwa kinywa, maana yeye hali jani.

Kuhusu wavu, tahadhari moja ya Mweru: usivue chandarua kitandani kwenda kuufunika mlimau. Mfuko wa wavu unaouziwa vitunguu, ukikatwa na kushonwa, unatosha mche mmoja, na ufungwe chini kwenye shina.

Sasa tuje kwenye sumu. Watu wa Luapula, mkoa wenye Nchelenge, hula ugali wa muhogo, na muhogo huo uliwahi kukaribia kuangamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo mweupe, anayeonekana kama aliyepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini, akaonekana kwanza maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, kisha akaenea nchi kwa nchi mpaka Zambia. Hakushindwa kwa bomba la dawa. Alishindwa na nyigu asiyefikia milimita 3, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka Paraguay na kuanza kuachiwa mashambani mwaka 1981, katika kazi iliyomletea mwanasayansi Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mdudu wa muhogo, na mtoto wake humla kutoka ndani. Sumu za bustani hazichagui. Ukielekeza bomba kwenye mwembe uliozungukwa na mihogo, matone yanayoshuka yanamkuta mlinzi wa ugali wako akiwa kazini.

Kisha kuna ziwa. Kila mwaka, kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na kaya nyingi za wavuvi hubana matumizi kwa miezi mitatu kwa ajili hiyo. Miezi hiyohiyo mvua husomba kila kilichomo bustanini na kukipeleka kwenye maji mafupi ya ukingoni, kwenye matete, ambako samaki wachanga hujificha. Sumu za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini, zinawaua samaki hata zikiwa chache mno majini. Ni jambo la kusikitisha kuzifunga nyavu kwa miezi mitatu, kisha kupitisha mfereji wa sumu uani.

Lakini linalonishughulisha kuliko yote ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia, na watafiti wameifuatilia kwa miaka mingi. Mbu anayetawala huko, Anopheles funestus, amekuwa sugu kwa pairethroidi, ambayo ni jamii ileile ya dawa iliyomo kwenye vyandarua na kwenye chupa nyingi za dawa za bustani. Usugu huo ni sehemu ya sababu iliyofanya upuliziaji wa dawa ukoko majumbani uhamie kwenye dawa ya jamii nyingine, pirimifosi-methili, kati ya 2014 na 2016, na hata hapo maambukizi yalipungua kiasi tu, hayakukoma. Utaniambia kwamba bustani moja haileti usugu. Kweli, na haki lazima isemwe: vyandarua na dawa za ukutani zenyewe zimechangia, ila hizo zinaokoa maisha huku zikichangia. Kumpulizia nyenze hakuokoi chochote. Mabaki ya sumu yanatiririka hadi kwenye madimbwi wanamokulia viluwiluwi vya mbu, na wale wanaohimili ndio wanaobaki kuzaa. Tunatumia silaha ileile inayomlinda mtoto kitandani kumpiga mdudu ambaye hana ugomvi naye.

Imebaki kelele, na sitaidharau. Nyenze mmoja wa Afrika, Brevisana brevis, alipimwa desibeli 106.7 kwa umbali wa nusu mita, na mgonjwa au mtoto mchanga anayetafuta usingizi mchana anastahili kuhurumiwa. Lakini ni kelele ya wiki chache, na dawa haiizimi. Tena nyenze huliwa katika sehemu nyingi za Zambia na Malawi, na watoto huwaokota kwenye miti na kuwakaanga. Aliyepuliziwa jioni anaweza kuokotwa asubuhi.

Kwa hiyo, mwenye mwembe mkubwa asifanye kitu. Mwenye mche mchanga aufunike mvua zinapoanza, na aufunue nyenze wakishanyamaza. Kitawi kilichochanjwa na kunyauka kikatwe chini ya chale na kuchomwa moto. Nawasihi maafisa ugani wa wilaya na wauza dawa wa soko la Kashikishi wayaseme haya waziwazi mwezi Septemba, kabla mteja wa kwanza hajaja kulalamika. Anayeuliza dawa ya nyenze aambiwe haihitajiki, na fedha yake anunue mbegu.