Je, Wajua? Waliokwenda Wenela na Waliobaki Ileje

Je, wajua kwamba mwaka 1971 Sweden ilitoa filamu ya zaidi ya saa tatu kuhusu wakulima waliokimbia njaa na mashamba yaliyojaa mawe, wakaenda kuanza upya Minnesota, Marekani? Inaitwa Utvandrarna, yaani Waliohama. Jan Troell aliiongoza, akashika kamera na kuihariri mwenyewe. Iliwania Oscar ya filamu bora.

Je, wajua kwamba wahusika wake wakuu, Karl Oskar na Kristina, wana sanamu mjini Karlshamn, bandari waliyoondokea? Mume anatazama baharini. Mke amegeuza shingo, anatazama walikotoka.

Je, wajua kwamba nasi tunao wa kwetu? Kutoka Ileje, mpakani na Malawi, wanaume walikwenda kuchimba shaba Zambia na dhahabu Afrika Kusini. Safari ya dhahabu wazee huiita Wenela, jina lililotokana na herufi WNLA, za shirika la wenye migodi lililoundwa mwaka 1900 kuajiri vibarua.

Je, wajua kwamba sehemu ya ujira wao ilizuiwa, wakalipwa walipokwisha kurudi kwao? Na kwamba chini ya ardhi walisemeshwa Fanagalo, lugha ya kupokelea amri, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans?

Hapa ndipo kisa chetu kinapoachana na cha Waswidi. Karl Oskar alipanda meli na mkewe na watoto. Mtu wa Wenela alikwenda peke yake, akalala kampaundi ya wanaume pekee. Mke alibaki analima, analea, anazika wazazi wa pande zote mbili, anangoja barua. Wengine walingoja hadi nywele zikawa nyeupe. Kwangu mimi, filamu yetu ianze na huyo mama.

Je, wajua kwamba Tanganyika huru ilikataza uajiri huo wa Wenela? Na kwamba reli ya TAZARA, kilometa 1,860, inapita Tunduma kwa sababu Zambia ilitaka shaba yake, ile waliyokwenda kuichimba watu wetu, isipitie kwa walowezi na makaburu wa kusini?

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uhuru, 1961, leo amepita 80. Msomaji wa Tunduma, Vwawa au Itumba, kama bibi yako alimngoja mtu wa Wenela, washa simu umrekodi wiki hii. Muulize barua ya kwanza ilisema nini.