Ratiba ya ujenzi

Ratiba ya ujenzi ni mpango unaoonyesha kazi zote za mradi, muda wa kila kazi na kazi ipi inaisubiri nyingine. Istilahi zake hukutwa katika mikataba na taarifa za miradi, na anayezielewa anaweza kupima mwenyewe kama mradi umechelewa kweli.

Tuseme nyumba inajengwa Kwa Mathias, Kibaha. Msingi unahitaji siku 12, kuta mpaka lenta siku 18, kupaua siku 10. Kila kazi inasubiri iliyo mbele yake, yaani kazi tangulizi, hivyo jumla ni siku 40. Wakati huohuo seremala anahitaji siku 20 kutengeneza milango, ambayo itafungwa paa likiisha. Anaweza basi kuanza hata siku ya 21 bila kumchelewesha mtu. Siku hizo 20 anazoweza kungoja ni muda wa akiba. Mfululizo wa msingi, kuta na paa hauna akiba hata kidogo. Huo ndio njia kuu ya ratiba: siku moja ikipotea humo, nyumba nzima inachelewa siku moja. Kumwongezea seremala wasaidizi hakusaidii kitu ikiwa saruji ya msingi haijafika. Hesabu hii ilibuniwa katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1957.

Chati ya Gantt, yenye jina la mhandisi Henry Gantt, huchora kila kazi kama mstari juu ya kalenda. Ni rahisi kusoma, ila chati ya kawaida haionyeshi kazi ipi inaifunga nyingine.

Katika miradi mikubwa, kazi tangulizi mara nyingi si ya ujenzi. Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, ulitanguliwa na ubomoaji wa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara mwaka 2017. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2018. Tarehe ya jiwe la msingi isichanganywe na tarehe ya kuanza kazi, ambayo ndiyo mkataba huhesabu.

Muda ukipita, mkandarasi hukatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku, isipokuwa amepewa nyongeza ya muda. Mara nyingi ugomvi huanzia hapa. Kukabidhiwa eneo kwa kuchelewa kwa kawaida ni sababu halali. Mvua za masika za kila mwaka kwa kawaida si sababu, kwa kuwa zilitakiwa kuwemo katika ratiba tangu mwanzo. Kazi ikipokelewa huanza kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Ndani yake mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake.