Sinia Moja Addis Ababa

Marafiki wanne wakiingia mkahawani Addis Ababa, kila mmoja akaagiza chake, wasishangae meza ikiletewa sinia moja tu. Juu yake imetandazwa injera, mkate mpana na laini wa unga wa tefu uliochachushwa siku kadhaa kabla ya kumiminwa kwenye kikaango, na kila mchuzi una fungu lake juu ya mkate huo: doro wat ya kuku na mayai ya kuchemsha, shiro ya unga wa dengu, adesi, kabichi. Uma haupo. Watu hunawa, humega kwa mkono wa kulia, huchota, hula. Wanaosimulia safari za Ethiopia husifu sana ukali wa berbere, mchanganyiko wa pilipili na viungo, nao unastahili sifa, ila nadhani wanasifu jambo la pili na kuliacha la kwanza. Mlo ule hung'ang'ania kichwani zaidi kwa jinsi unavyoliwa kuliko kwa viungo vyake.

Si dhana tupu. Mwaka 2014 Erica Boothby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa chokoleti. Mshiriki alionja kipande huku mtu wa pembeni yake akionja chokoleti ileile, na safari nyingine huku mtu huyo akishughulika na jambo tofauti kabisa. Hawakuruhusiwa kuzungumza, na bado chokoleti tamu ilipendeza zaidi ilipoonjwa na wawili kwa pamoja. Mwaka 2019 Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach nao walionyesha kwamba watu wasiojuana, wakila vitafunio kutoka bakuli moja, hupatana upesi zaidi katika majadiliano ya mishahara ya kuigiza kuliko wale ambao kila mmoja ana bakuli lake. Sababu si ngumu kuiona. Anayekula chombo kimoja na mwenzake hana budi kumwangalia: amefika wapi, anapenda nini, kipande cha mwisho aachiwe nani. Waethiopia wameusogeza uangalizi huo hatua moja mbele kwa desturi ya gursha, yaani kufunga tonge nono na kumtia mwenzako kinywani kwa mkono wako. Kulikataa ni kumvunjia heshima aliyelitoa. Rafiki mliyefanya naye kazi miaka mingi bila hata kushikana mikono kwa muda mrefu anakulisha mbele ya watu, nawe unafungua kinywa. Kusahau tukio la namna hiyo si rahisi.

Yupo atakayesema huo ni ugeni tu, kwamba chochote kipya hukumbukwa. Ugeni una sehemu yake, lakini hautoshi. Msafiri wa kutoka Lamu au Unguja amezoea sinia la pilau tangu utotoni, wala kula kwa mkono si habari kwake, na hata huko kwao sinia la harusi husimuliwa kuliko sahani ya kila siku. Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye majaribio yaleyale ya Yale: chokoleti chungu nayo ilichukiza zaidi ilipoonjwa na wawili. Nakubali. Kula pamoja hakugeuzi kibaya kuwa kizuri, bali hukoleza kilichopo, na kundi lililokwisha kugombana njiani lisitegemee injera iwapatanishe.

Linabaki swali la dini na miiko, ambalo kwa marafiki wa Afrika Mashariki si dogo. Ethiopia kwenyewe, kwa desturi, Mkristo na Mwislamu hawali nyama ya mnyama aliyechinjwa na mwenzake, kwa hiyo sinia la nyama laweza kuwagawa watu badala ya kuwakusanya. Dawa imo katika kalenda ya Kanisa la Orthodox. Jumatano na Ijumaa, isipokuwa majira machache ya mwaka, waumini hufunga nyama, maziwa na mayai, na mikahawa huandaa beyaynetu, mchanganyiko wa vyakula vya jamii ya kunde na mboga za rangi zote juu ya injera moja. Kundi lenye Mwislamu, Mkristo na asiyekula nyama lingefanya vyema kupanga chakula chake cha pamoja siku hizo, na kuiacha doro wat kwa siku nyingine.