Betri kuisha upesi: Ichunguze simu kabla ya kumlaumu mtoto

HEBU fikiri, msomaji, kuhusu simu yako ya mkononi. Hadi juzi ulikuwa ukiichaji alfajiri nayo ikakufikisha saa nne usiku bila taabu. Jana usiku ikakuletea habari kwamba kuna sasisho jipya la mfumo wake. Ukabonyeza kitufe cha kukubali, ukalala. Leo, saa saba mchana, imebaki na asilimia 18, ina joto mfukoni kama kiazi kilichotolewa jivuni, na nauli ya kukurudisha nyumbani imo humo humo kwenye M-Pesa.

Jambo hili limewafika wengi, na katika nyumba nyingi za mjini hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Baba husema ni mtoto aliyeichezea simu. Mama husema kishikwambi kilichonunuliwa kwa ajili ya masomo kilikuwa kibovu tangu dukani. Kijana wa chuo naye hushikilia kwamba kampuni imetuma sasisho hilo makusudi ili watu wanunue simu mpya. Baada ya siku mbili, mmoja wao yuko mjini akiulizia bei ya betri, au hata ya simu nyingine, na fedha zilizotengewa karo zimekwisha kuguswa.

Huenda mmoja wa hao watatu anasema kweli. Lakini mara nyingi wote wamekosea, na kuna njia ya kujua bila kutumia hata shilingi moja.

KUHAMA NYUMBA

Sasisho la mfumo ni sawa na familia kuhamia nyumba mpya. Lori likishaondoka, jirani anayepita nje huona kwamba wageni wamefika na mambo yamekwisha. Ndani, kazi ndiyo kwanza inaanza. Sufuria zimo katika maboksi, vitanda havijaungwa, na hakuna anayejua chumvi iko wapi. Familia hiyo itachoka na kula kupita kiasi kwa siku kadhaa kabla ya maisha kurudi kama kawaida.

Simu nayo ni hivyo hivyo. Ikishawaka na kukuonyesha kwamba sasisho limekamilika, ndani yake kuna shughuli usiyoiona. Hupitia upya picha, ujumbe na faili zako zote na kuziwekea orodha ili ukitafuta kitu kipatikane haraka. Programu ulizo nazo hupangwa upya ziendane na mfumo mpya, na nyingine hupakua masasisho yake zenyewe. Mwenye picha 200 huenda asihisi lolote. Mwenye picha 10,000 za harusi, matanga na sherehe za mahafali ataona simu ikipata joto na betri ikishuka upesi.

Watengenezaji wenyewe hawalikani jambo hili. Mnamo Septemba 2025, Apple ilipotoa mfumo wake wa iOS 26, iliwaeleza wateja wazi kwamba baada ya sasisho kubwa wanaweza kuona betri ikiisha upesi na simu ikipata joto kwa muda, na kwamba hiyo ni hali ya kawaida.

Ushauri wa kwanza basi ni subira. Ipe simu siku mbili au tatu. Ichaji usiku ikiwa imeunganishwa na waifai, uiache imalize kazi yake. Wengi wakifanya hivyo, tatizo huondoka lenyewe.

LISEMWALO LIPO

Lakini yule kijana wa chuo anayeshuku kampuni tusimcheke. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mnamo Januari 2017, Apple ilitoa sasisho la iOS 10.2.1. Baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa zilikuwa zikizimika ghafla, na sasisho hilo lilizizuia zisizimike kwa kuzipunguzia kasi. Wenye simu hawakuelezwa waziwazi. Miezi ilipita watu wakilalamika kwamba simu zao zimekuwa nzito, na mnamo Desemba mwaka huo ndipo kampuni hiyo ilipokiri, ikaomba radhi na kupunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29.

Mambo hayakuishia hapo. Mnamo Februari 2020, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia haki za wanunuzi iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Mwezi uliofuata, kampuni hiyo ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Kabla ya hapo, mnamo Oktoba 2018, Italia ilikuwa imeitoza faini Apple, na Samsung pia, kwa kuwahimiza wateja waweke masasisho yaliyozilemea simu zao.

Kisa kingine ni cha Januari 2025. Google ilituma sasisho kwa simu zake za Pixel 4a, ambazo zilitoka mwaka 2020. Kwa baadhi ya simu hizo, sasisho lilipunguza kiasi cha umeme ambacho betri huruhusiwa kubeba, kwa sababu za usalama wa betri yenyewe. Safari hii kampuni ilitangaza, na wenye simu zilizoathirika katika nchi kadhaa wakapewa nafasi ya kubadilishiwa betri bure au kulipwa fidia.

Ukivitazama visa hivi kwa makini, msomaji, utaona kitu kimoja. Katika kile cha Apple na kile cha Google, chanzo kilikuwa betri, na sasisho lilikuja kukabiliana na udhaifu wake. Hii ndiyo sababu inafaa tuijue betri yenyewe.

UMRI WA BETRI

Betri za simu na vishikwambi vya leo ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuziuza sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Ndani ya betri hiyo, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine unapochaji, na kurudi zilikotoka unapoitumia. Katika kila safari, chache hunaswa njiani zisirudi tena. Baada ya safari mamia kadhaa, betri haiwezi kubeba umeme iliobeba ilipokuwa mpya. Isitoshe, hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Ndiyo maana simu kuukuu inaweza kuonyesha asilimia 30, nawe ukifungua kamera tu, ikazimika.

Apple yenyewe husema kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia ziliundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kwa mtu anayemaliza chaji moja kamili kila siku, hiyo ni miezi 16 au 17 hivi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Juni 20, 2025 inataka betri za simu na vishikwambi vipya zifikie mara 800 kabla ya kushuka chini ya asilimia 80.

Sasa mchukue mzee aliyezoea kubeba debe moja la maji kutoka mtoni. Hakuna aliyejua kwamba magoti yake yanauma. Siku akitwikwa madebe mawili, ndipo anapoanza kuyumba. Mzigo wa pili haukumzeesha, ulimfichua tu. Sasisho lenye kazi nyingi huifanyia hivyo betri iliyochakaa. Kwa sababu vitu viwili vimeonekana siku moja, sisi hudhani kimoja kimezaa kingine.

CHUNGUZA HIVI

Ikiwa siku tatu zimepita na betri bado inaisha upesi, fungua sehemu ya Mipangilio katika simu yako, kisha uingie panapohusu betri. Hapo utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia. Hii ndiyo karatasi ya ushahidi katika kesi yako.

Ukiona programu moja imekula asilimia 40 ilhali hukuifungua, mhalifu umempata. Huenda haijalingana na mfumo mpya. Isasishe. Ikikataa kutulia, iondoe na kuiweka upya. Ikiwa ni programu usiyoihitaji, iage moja kwa moja.

Kisha izime simu na kuiwasha tena, jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Angalia pia kama sasisho limebadilisha mipangilio yako. Je, mwangaza wa kioo umepandishwa? Je, Bluetooth imeachwa wazi? Je, kila programu imepewa ruhusa ya kufuatilia mahali ulipo mchana na usiku? Kumbuka vilevile kwamba mahali ambapo mtandao ni dhaifu, simu hutumia nguvu nyingi kutafuta mawimbi. Kama wiki hii ulisafiri kwenda mashambani, usiilaumu programu.

Baada ya hapo, tazama umri wa betri. Katika iPhone, tangu sasisho la iOS 11.3 la mwaka 2018, kuna ukurasa unaoonyesha uwezo uliobaki. Simu kadhaa za Android nazo huonyesha. Uwezo ukiwa umeshuka chini ya asilimia 80, dawa ni betri mpya, wala si simu mpya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtafute fundi anayeaminika, umwulize betri inatoka wapi na ina dhamana ya muda gani, kisha usubiri hapo akiiweka.

Epuka mambo mawili. Usipakue programu zinazojinadi kwamba zitaokoa betri yako. Nyingi huzima programu nyingine ambazo hujiwasha tena papo hapo, na kazi hiyo ya kuzima na kuwasha hula umeme zaidi. Pili, usikimbilie kuifuta simu yote iwe kama ilivyotoka kiwandani kabla ya kuhifadhi picha na madokezo ya masomo mahali pengine. Wanafunzi wamepoteza kazi ya muhula mzima kwa dakika kumi.

Na ukiona betri imefura hadi mgongo wa simu au kioo kimeinuka, acha kuitumia na usiichaji tena. Usiitoboe wala kuikandamiza, na watoto wasiiguse. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

JE, TUKATAE MASASISHO?

Baada ya haya yote, huenda ukaamua kwamba hutakubali sasisho tena maishani. Hapo utakuwa umekimbia mvua na kuangukia mtoni.

Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina Stagefright, ambayo ingemwezesha mhalifu kuivamia simu ya Android kwa kuitumia ujumbe wa video tu. Kuanzia Agosti mwaka huo, Google ilianza utaratibu wa kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Viraka hivyo hukufikia kwa njia ya masasisho. Hapa Kenya, ambako tangu mwaka 2007 simu imekuwa pochi, tundu katika programu ni tundu katika mfuko wa fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lililo muhimu ni kuchagua wakati. Usisasishe simu usiku wa kuamkia safari, mahojiano ya kazi au mtihani unaofanywa kupitia mtandao. Chagua Ijumaa jioni au Jumamosi, ukiwa nyumbani, chaja ikiwa ukutani na waifai ikiwapo. Jumatatu ikifika, simu itakuwa imekwisha kupanga vyombo vyake.

NA MTOTO JE?

Tumalizie nyumbani. Mara nyingi kishikwambi huwa mikononi mwa mtoto, na kinapozimika katikati ya somo, yeye ndiye hukemewa. Kweli, watoto huchezea michezo ya video inayokula chaji, na wapo wanaolala na kishikwambi kikichajiwa chini ya mto, ambako joto huichakaza betri upesi na kuhatarisha usalama. Hayo yanafaa kukanywa.

Lakini mtoto aliyeadhibiwa kwa kosa la mashine hujifunza jambo moja tu: kwamba kusema kweli hakumsaidii. Siku atakapokiangusha na kukipasua kioo, hatakwambia.

Basi, mzazi, kabla ya kupandisha sauti, mwite mkae pamoja, mfungue ule ukurasa wa betri na kuusoma wote wawili. Ukionyesha kwamba mchezo fulani umetumia asilimia 60, hatakuwa na la kujitetea. Na ukionyesha kwamba ni mfumo wenyewe uliokesha ukifanya kazi yake, mwambie hivyo, tena mbele ya wale waliomsikia akilaumiwa.