Mwandiko wa Kompyuta na Herufi A za Kiswahili

Andika neno "wanafanana" kwa mkono wako, halafu lichunguze. Lina herufi kumi, na tano kati yake ni a. Ya kwanza imetokea kwenye mkia wa w, za katikati zimebanwa na n na f, na ya mwisho imejiachia kwa sababu hakuna herufi inayoifuata. Hutapata mbili zilizo sawa kabisa. Sasa liandike neno hilohilo kwa kompyuta, ukitumia fonti inayoiga mwandiko. Mara nyingi utaona a moja iliyogongwa kama mhuri mara tano.

Kijana wa Nakuru anayetaka kuunda zana ya mtandaoni ya kugeuza maandishi ya kupiga chapa yawe mwandiko wa mkono aanzie hapo. Kazi halali za zana hiyo zipo. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza kule Njoro anahitaji sentensi za Kiswahili zenye mwandiko safi ili watoto wazifuatishe kwa penseli. Duka la uchapishaji mjini linapokea wateja wa kadi za harusi na za ruracio, yaani sherehe ya mahari, wanaotaka majina ya wageni yaonekane yameandikwa kwa kalamu.

Njia nyepesi ni kukusanya maumbo kadhaa ya kila herufi na kuipa programu uhuru wa kuyabadilisha. Kivinjari cha simu kinaweza kuchora ukurasa mzima chenyewe bila kutuma neno hata moja kwenye seva, kwa hiyo bando haliliki sana na maneno ya mtu hayatoki kwenye simu yake. Kwa Kiswahili, ukiwa na maumbo matatu ya q au x umepoteza muda; a ndiyo inayohitaji kumi au zaidi, kisha i na u, kwa kuwa karibu kila neno letu huishia kwa irabu.

Wengi hukosea kwenye hatua inayofuata. Wanaisogeza kila herufi juu au chini kwa bahati nasibu, na matokeo yake ni mwandiko wa mtu anayetetemeka. Mkono haufanyi hivyo. Mstari hupanda polepole kuelekea ukingo wa kulia, nafasi kati ya maneno hubana karatasi inapokaribia kuisha, na herufi hulala zaidi mwandishi anapochoka. Kila badiliko linatokana na lililotangulia. Ndiyo maana wachoraji wa kompyuta hupenda mbinu ya Ken Perlin, iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya picha za filamu, ambayo hutoa namba zinazobadilika taratibu badala ya kurukaruka.

Njia nzito ni kuifundisha kompyuta mwendo wenyewe wa kalamu. Mwaka 2013, Alex Graves, akiwa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, alionyesha mtandao wa neva wenye tabaka tatu, kila moja ikiwa na seli 400, unaoandika sentensi yoyote kwa mwandiko unaosadikika. Mtandao huo haukujifunza picha za herufi. Ulijifunza kalamu ilisogea kiasi gani kulia au kushoto, juu au chini, na ilinyanyuliwa lini. Kila hatua unakadiria hatua inayoweza kufuata, kisha unachagua moja kati ya nyingi zinazowezekana, na hapo ndipo a tano za "wanafanana" zinapoanza kutofautiana zenyewe.

Ila ulifunzwa kwa Kiingereza. Sampuli zake zilikusanywa na Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kutoka kwa watu 221 walioandika kwenye ubao wa kielektroniki, wakinakili matini ya Kiingereza. Mkono wa Kiingereza haukutani na "mbwa", "nywele" wala "ng'ombe" siku hadi siku. Tena, ng' ya Kiswahili na ya Kikalenjin hufika kwenye kompyuta na alama mbili tofauti, iliyonyooka kutoka kwenye simu au iliyopinda kutoka kwenye programu ya ofisini, na zana isiyozitambua zote mbili huacha pengo.

Majina ya Kikikuyu yana mtego mwingine. Ũ ya Wanjikũ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea. Machoni hazitofautiani. Zana inayochora herufi mojamoja itakiona kiwimbi kile kama herufi kamili na kukiweka mbele ya u, peke yake, hewani. Dawa ni mstari mmoja wa msimbo unaounganisha vipande hivyo kabla ya kuchora. Katika kaunti iliyojaa akina Wanjikũ, kuuacha mstari huo ni kutojali watu.

Kwa hiyo sampuli tuzikusanye wenyewe, kutoka kwa mikono inayoandika Kiswahili, Kikikuyu na Kikalenjin kila siku. Skrini ya simu ya kawaida inatosha kunasa mwendo wa kidole au kalamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za kila mtu, kwa hiyo mwenye mkono aombwe ridhaa, aelezwe sampuli yake itatumikaje, na aweze kuiondoa.

Lakini kwenye zana hiyo, sehemu ya kutengeneza sahihi isiwekwe kabisa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya ardhi. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ikitiwa. Mzozo ukifika kortini, kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mtaalamu wa mwandiko atoe maoni yake. Mtaalamu huyo hutazama jinsi kalamu ilivyobonyeza karatasi, mahali mistari ya wino ilipopishana, na kama chini ya lenzi kuna wino uliotiririka au vitone vya printa. Picha iliyotumwa kwa simu haina mbonyeo wala wino wa kuchunguzwa.

Ukinunua ploti Njoro, Bahati au Gilgil, usiridhike na picha ya makubaliano "yaliyoandikwa kwa mkono". Dai karatasi yenyewe, keti na muuzaji na mashahidi, na utazame kila mmoja akitia sahihi yake.