Mjamzito anapojifunza udereva

“SUBIRI kwanza ujifungue, gari halikimbii.” Mjamzito aliyejiandikisha chuo cha udereva huyasikia maneno hayo kwa mama mkwe, kwa jirani na hata kwa mumewe. Nia ni njema, lakini naye ana hesabu zake: ada ameshalipa, leseni ya kujifunzia ina muda wake, na mtoto akishazaliwa, hiyo saa moja ya kutoka nyumbani kila siku ataipata wapi?

Ujauzito peke yake haumzuii mtu kujifunza wala kufanya mtihani. Ila mwenye kizunguzungu, anayetokwa damu au mwenye presha ya mimba asishike usukani mpaka kliniki imruhusu.

Wengi huhofia miezi ya mwisho, tumbo likiwa kubwa. Lakini utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wanawake zaidi ya 500,000, ulionyesha kuwa ajali kubwa ziliongezeka kwa asilimia 42 katika miezi mitatu ya katikati, zikilinganishwa na kabla ya mimba. Huo ndio wakati kichefuchefu kimepungua na mama anajiona mzima, kumbe uchovu bado anao. Watafiti hawakusema aache kuendesha, wala amwachie mumewe usukani. Wanaume wa rika hilo hupata ajali zaidi!

Jambo la kushika ni mkanda. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kikae juu ya nyonga. Cha juu kipite katikati ya matiti, kisha pembeni ya tumbo. Kuuvua kwa sababu “unambana mtoto” ni kosa, na kuupitisha juu ya tumbo ni kosa pia.

Kifua kiwe mbali na usukani kwa takriban sentimita 25, na usukani ukiweza kurekebishwa, uelekezwe kifuani, si tumboni. Hapo wafupi hupata shida: wakirudisha kiti nyuma, mguu haufiki kwenye klachi. Asiyefika asijilazimishe. Amwombe mwalimu gari lenye kiti kinachorekebishika vizuri au la otomatiki, na akikosa yote mawili, hapo kweli asubiri.

Kurudi nyuma nako kunahitaji mazoezi ya mapema, maana tumbo likikua, kugeuza kiwiliwili ni kazi. Ajizoeze kutumia vioo vyote. Siku ya mtihani ale, abebe maji, aende chooni kabla ya kuitwa, na amweleze trafiki hali yake bila aibu.

Gari likigongwa hata kidogo, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana maumivu. Kondo la nyuma linaweza kuachia bila mama kuona jeraha lolote.