Tiba ya Jeni na Dhana ya Kurithi: Mfano wa Selimundu

Makala haya yanaeleza tiba ya jeni kwa kurejelea selimundu, maradhi ya kurithi yanayozikabili familia za Pwani ya Kenya, za Magogoni huko Kisauni zikiwemo. Istilahi yenyewe ni sahili: seli na mundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujipinda mfano wa mundu zikaziba mishipa midogo, na mgonjwa akapatwa na maumivu makali na upungufu wa damu.

Maradhi haya hayakuenea Pwani kwa sadfa. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alibaini kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, ila haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Tiba yenyewe ilitangulia kufaulu kwa panya. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walichukua seli za uboho wa panya wenye selimundu, wakazitia jeni inayozuia chembe kujipinda, kisha wakazirejesha mwilini. Jeni hiyo ilibebwa na virusi vilivyonyang'anywa uwezo wa kuzaana. Ni kama jahazi lililoshushwa shehena yake na kupakiwa nyingine. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za binadamu, moja ikitumia virusi, nyingine ikihariri jeni za mgonjwa mwenyewe, kwa bei isiyopungua dola milioni 2.2 kwa kila mgonjwa.

Ipo nukta ambayo lugha huweza kuificha. Isemwapo kwamba jeni "imetibiwa", msikilizaji hudhani urithi nao umebadilika. Sivyo. Kilichorekebishwa ni seli za uboho. Mbegu za uzazi hubaki zilivyokuwa. Aliyepona bado humrithisha kila mtoto jeni moja ya selimundu, na akioana na mwenye jeni moja, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuleta mtoto mgonjwa. Hivyo basi, wachumba wa Magogoni wangali wanahitaji kupima damu kabla ya nikahi, na kijikaratasi cha kliniki hakina budi kusema "kurekebisha jeni katika uboho", si "kuondoa ugonjwa wa kurithi".